Utambuzi wa Sarkoma Zinazosambaa kwenye Uti wa Mgongo: Ushahidi wa Maneno, Picha na Nyama

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi saratani adimu za tishu laini, ziitwazo sarkoma, zinavyotambuliwa pindi zinapofika kwenye uti wa mgongo. Mfano mkuu ni liposarkoma ya miksoidi, saratani inayoanzia kwenye tishu za mafuta na yenye mazoea ya kuhamia mifupani. Makala yanafafanua jinsi maelezo ya mgonjwa, mkono wa daktari, picha na kipande cha nyama vinavyokamilishana, na kwa nini kosa la jina katika hatua yoyote huweza kumgharimu mgonjwa miguu yake. Mwishoni inaonyeshwa kazi inayowasubiri wataalamu wa Kiswahili katika uwanja huu.

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii huchukulia kwamba mgonjwa anayajua maradhi yake na ana hiari ya kuyaficha. Yapo hata hivyo maradhi yanayojificha yenyewe, yakamhadaa mgonjwa, jamaa zake na hata daktari. Miongoni mwayo ni saratani za tishu laini zinapohamia kwenye uti wa mgongo.

Mgonjwa wa aina hii huenda hospitalini akilalamikia mgongo, naye huwa si wa kwanza siku hiyo kufanya hivyo. Watu wengi mno huumwa na mgongo, na sehemu kubwa yao hupona kwa dawa za kawaida na muda. Katika foleni ndefu ya migongo inayouma kwa sababu ya kuinama shambani, kubeba mizigo au kuketi kutwa nzima, mgongo mmoja wenye saratani haujitangazi. Isitoshe, sarkoma ni chache: kwa watu wazima, takriban saratani moja tu katika kila mia ndiyo sarkoma. Kwa hivyo swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: ugonjwa ambao watu wachache wamewahi kuuona hutambuliwaje kabla haujaharibu kisichoweza kurudishwa?

Kaa na Nyama: Maana ya Majina

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Neno kansa, ambalo Kiswahili kililipata kupitia Kiingereza, chimbuko lake ni Kilatini na maana yake ni iyo hiyo. Lugha zote mbili zilifuata nyayo za Wayunani, ambao tangu zama za Hippocrates waliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa. Hivyo basi, wanaobishana iwapo neno sahihi ni saratani au kansa wanabishania jina la mnyama mmoja.

Sarkoma ni jina jingine. Chanzo chake ni neno la Kiyunani sarx, lenye maana ya nyama ya mwili. Saratani zinazotajwa sana katika jamii, kama vile za matiti, umio na mlango wa kizazi, nyingi ni karsinoma: huanzia kwenye seli zinazofunika au kutanda ndani ya viungo. Sarkoma huanzia kwenye tishu zinazounganisha na kuushikilia mwili, mathalan misuli, mafuta, kano, neva na mishipa ya damu. Afrika Mashariki, jina hili linajulikana hasa kupitia sarkoma ya Kaposi, iliyoelezwa na Moritz Kaposi mwaka wa 1872 na ambayo iliongezeka sana wakati wa janga la UKIMWI. Hiyo huonekana zaidi kwenye ngozi. Zinazojadiliwa hapa aghalabu huanzia kwenye kina cha mwili, na aina zake zinazidi 70.

Mojawapo ni liposarkoma ya miksoidi. Sehemu ya kwanza ya jina inarejelea mafuta. Neno miksoidi linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ute, kwa kuwa chini ya hadubini seli zake huonekana zikielea katika kitu kama ute. Mara nyingi huanzia ndani ya paja la mtu wa makamo. Kinachoitofautisha ni safari zake. Sarkoma nyingi zinaposambaa hukimbilia mapafuni. Hii huweza kuyapita mapafu na kwenda kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo, na kwenye tishu nyingine laini. Daktari anayepiga picha ya kifua pekee, akaiona safi na kumpongeza mgonjwa, anaweza kuwa ametazama mahali pasipo na mwizi.

Njia ya Kufikia Mgongo

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili 33, kama muwa: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano zilizoungana za nyonga na kwa kawaida nne ndogo za kifandugu. Kati ya pingili zisizoungana mna visahani vya gegedu, isipokuwa baina ya zile mbili za juu kabisa. Ndani ya mfereji wa pingili hupita ugwe wa mgongo, kamba ya neva inayobeba amri za ubongo hadi miguuni na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso.

Mnamo 1940, mwanaanatomia Oscar Batson wa Marekani alieleza mtandao wa mishipa ya damu unaouzunguka uti wa mgongo. Mishipa hii haina vali, vile vilango vinavyoizuia damu isirudi nyuma. Mtu anapokohoa au kujikamua, damu ya nyonga na tumbo huweza kusukumwa kuelekea kwenye pingili badala ya kwenda moyoni moja kwa moja. Seli za saratani zilizomo katika damu hiyo huweza kufika kwenye pingili bila kupitia mapafuni. Hii si njia pekee, lakini husaidia kueleza kwa nini mgongo ni kituo cha mara kwa mara cha saratani zinazosafiri.

Zikishatua huko, madhara huwa mawili. Pingili hudhoofika na huweza kubonyea, au uvimbe hukua ndani ya mfereji na kuubana ugwe. Hapa Kiswahili chenyewe kinatega mtego. Istilahi uti wa mgongo hutumiwa na wengi kwa maana ya mfupa na pia kwa maana ya ugwe uliomo ndani yake. Mgonjwa akiambiwa kwamba "uti wa mgongo umeguswa", huenda asijue kama ni mfupa ulioguswa, jambo ambalo huweza kusubiri kidogo, au ni ugwe, jambo lisilosubiri hata siku moja.

Hatua ya Kwanza: Sikio

Utambuzi huanza kwa mazungumzo. Chukulia mfano wa mkulima wa miaka 45 anayefika katika kituo cha afya.

"Mgongo unanisumbua, daktari."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu tulipovuna."

Mazungumzo yakikomea hapo, mavuno yatabeba lawama na mgonjwa atarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Maswali mawili zaidi hubadilisha hali.

"Ukilala je, unapata nafuu?"

"Nikilala ndipo unapozidi. Usiku sipati usingizi."

"Na umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

"Mguuni tu. Kivimbe cha mafuta, kama miaka mitano iliyopita."

Maumivu ya mgongo yatokanayo na kazi kwa kawaida hupungua mtu anapolala. Yanayozidi usiku, yasiyojali mapumziko na yanayoongezeka wiki baada ya wiki hudai uchunguzi. Uzito zaidi umo katika kauli ya mwisho, ndani ya neno dogo "tu". Mgonjwa haoni uhusiano kati ya paja na mgongo, kwa hiyo hautaji mpaka aulizwe. Ikiwa kivimbe kile kilitupwa bila kupelekwa maabara, jina lake halikujulikana kamwe. Nayo liposarkoma ya miksoidi huweza kurudi baada ya miaka kadhaa ikiwa mahali pengine kabisa.

Kiswahili kina utajiri wa kueleza maumivu. Tumbo husokota au hukata, kichwa huwanga, kidonda huchonyota, ubavu hupatwa na kichomi, mguu hufa ganzi. Kila neno ni ushahidi. Mgonjwa asemaye kwamba kifua kimebanwa kama kwa mkanda huenda anaeleza neva inayotoka kwenye pingili iliyoathirika. Asemaye kwamba miguu imekuwa mizito au kwamba haisikii ardhi anapokanyaga anatoa onyo kuhusu ugwe wenyewe. Kinyume chake, neno mshipa hubeba mzigo mkubwa mno: hutumiwa kwa njia ya damu, kwa neva, kwa kano na hata kwa ngiri. Kauli "mshipa unanivuta" haitoshi. Yafaa mgonjwa aombwe aonyeshe kwa kidole mahali unapoanzia na unapoishia.

Kizuizi kingine ni tafsida. Dalili za hatari zaidi za kubanwa kwa neva za mgongo ni ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kuzuilika kwa mkojo na kushindwa kudhibiti haja kubwa. Hizi ndizo dalili ambazo adabu humzuia mtu kuzitaja, hasa mbele ya muhudumu mwenye umri wa mwanawe. Mgonjwa husema tu kwamba "mwili wa chini hauko sawa". Mhudumu ambaye hajui kuifumbua tafsida hiyo kwa heshima huikosa dalili muhimu kuliko zote.

Hatua ya Pili: Mkono

Baada ya kusikiliza, daktari hugusa. Hugonga pingili taratibu atafute penye uchungu, hupima nguvu za miguu, hugonga goti aone linavyoitika, kisha hupima mguso kwa pamba na sindano kutoka miguuni kwenda juu. Mstari ambapo hisi hubadilika humwelekeza kwenye kimo cha tatizo.

Uvimbe wowote uliopo mwilini nao hupimwa. Uvimbe unaozidi sentimita tano, yaani takriban urefu wa yai la kuku, unaokua au ulio chini ya utando wa misuli, huhesabiwa kuwa wa kushukiwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Jamii nyingi huamini kwamba uvimbe usiouma hauna neno. Imani hii ni ya hatari, kwa maana sarkoma nyingi hazina maumivu mwanzoni. Jipu huuma, na kwa sababu hiyo hupelekwa hospitalini mapema, sarkoma huvumiliwa.

Hatua ya Tatu: Picha

Kipimo kinachopatikana kwa wepesi ni eksirei. Katika picha ya eksirei iliyopigwa kwa mbele, kila pingili huonekana kama uso wa bundi: nguzo zake mbili ni macho, na mwiba wake wa nyuma ni mdomo. Saratani ikila nguzo moja, jicho moja hupotea, na wataalamu husema kwamba bundi amekonyeza. Dalili hii husaidia, ila huchelewa. Inakadiriwa kwamba mfupa hupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha upungufu. Eksirei safi, kwa hivyo, haimwondolei mgonjwa shaka.

Kipimo kinachofaa zaidi ni MRI, kinachotumia sumaku badala ya mionzi na kuonyesha uboho, visahani, ugwe na tishu laini kwa pamoja. Uti mzima hupigwa picha, si sehemu inayouma pekee, kwa sababu saratani huweza kuwa imetua kwenye pingili kadhaa. Kwa liposarkoma ya miksoidi jambo hili ni la lazima zaidi. Seli zake huweza kujaza uboho bila kuuvunja mfupa, hivi kwamba eksirei, CT na hata vipimo vya nyuklia vya mifupa havioni kitu ilhali MRI inaona. Hiyo ndiyo sababu wataalamu hupendekeza MRI ya uti wa mgongo kwa wagonjwa wenye aina hii, pamoja na CT ya kifua kwa ajili ya mapafu.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki, picha huibua swali jingine: je, si kifua kikuu? Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho Percivall Pott wa Uingereza alikieleza mwaka wa 1779, nacho huleta maumivu ya usiku, kukonda, kibyongo na kupooza. Kwa kawaida maambukizi haya hula pingili mbili jirani pamoja na kisahani kilicho kati yake na kuacha usaha kandokando, ilhali saratani hula pingili na kukiacha kisahani kikiwa kizima. Lakini kanuni hii ina mianya. Mgonjwa wa saratani huweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu, akazitumia kwa miezi huku uvimbe ukikua. Kinyume chake, mwenye kifua kikuu huweza kuambiwa ana saratani, akakata tamaa ya ugonjwa unaotibika. Picha hushuku tu, haithibitishi.

Hatua ya Nne: Kipande cha Nyama

Uthibitisho hupatikana kwa biopsi. Sindano nene huingizwa, mara nyingi kwa kuongozwa na CT, na vijipande vidogo hutolewa. Kimoja huenda kwa mwanapatholojia na kingine huenda kwenye maabara ya vijidudu kutafuta kifua kikuu, ili swali lililoachwa na picha lijibiwe pande zote mbili.

Kitendo hiki huonekana chepesi, lakini kina kanuni zake. Njia ya sindano huweza kuchafuliwa na seli za saratani, hivyo hupangwa pamoja na mpasuaji atakayeuondoa uvimbe, ili njia hiyo iondolewe pamoja nao. Mwaka wa 1982, Henry Mankin na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 329 wa uvimbe wa mifupa na tishu laini. Waligundua kwamba asilimia 4.5 walikatwa kiungo bila sababu nyingine ila biopsi iliyofanywa vibaya, na kwamba makosa yalikuwa mengi zaidi pale biopsi ilipofanywa katika hospitali ya kwanza kabla ya mgonjwa kupelekwa kwenye kituo cha wataalamu.

Maabarani, kipande hukatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi. Mwanapatholojia hutazama umbo la seli, kisha hutumia vipimo vya kinga vinavyoonyesha protini za misuli, neva au mishipa ya damu. Bado sarkoma mbili tofauti huweza kufanana. Hapo jeni huulizwa. Katika liposarkoma ya miksoidi, kromosomu ya 12 na ya 16 huwa zimebadilishana vipande, na jeni mbili zisizostahili kukaa pamoja, FUS na DDIT3, zikaungana. Muungano huu hupatikana katika zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa aina hii. Ukionekana kwenye kipande kilichotoka mgongoni, kile "kivimbe cha mafuta" cha pajani hatimaye hupata jina lake, nayo tiba hubadilika, maana saratani hii huitikia vizuri tiba ya mionzi kuliko sarkoma nyingine nyingi.

Jina Lililosahihishwa Kampala

Uzito wa jina unadhihirika katika historia ya tiba ya ukanda huu. Mwaka wa 1957 mpasuaji Denis Burkitt alikutana katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na mtoto mwenye uvimbe wa mataya. Aliwatafuta wengine, na mwaka wa 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo akiuita sarkoma. Miaka miwili baadaye, wanapatholojia Gregory O'Conor na Jack Davies, waliofanya kazi papo hapo Kampala, walionyesha kwamba ulikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga.

Hili halikuwa suala la kamusi tu. Limfoma ya Burkitt huweza kuubana ugwe na kumpooza mtoto, kama sarkoma iwezavyo, lakini huyeyuka upesi kwa dawa za kemikali, na upasuaji mkubwa hauhitajiki. Ndiyo maana hata leo, inapowezekana, kipande hutolewa kabla ya dawa za steroidi kupewa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na limfoma: dawa hizo huweza kuififisha hadi hadubini isiitambue. Ugwe unapobanwa, hata hivyo, daktari hulazimika kupima lipi litangulie, jina au nafuu.

Saa Zinazohesabiwa

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza huagiza kwamba mgonjwa mwenye dalili za kubanwa kwa ugwe kutokana na saratani apigwe MRI katika muda wa saa 24. Sababu ni kwamba anayefika akitembea ana matumaini makubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza ana machache. Uchunguzi wa Roy Patchell na wenzake wa 2005 ulihusu wagonjwa 101 wa saratani za aina mbalimbali waliobanwa ugwe. Waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya tiba, ikilinganishwa na asilimia 57 ya waliopewa mionzi pekee. Miongoni mwa wale waliokuwa wameshindwa kutembea, 62 kwa mia walirejeshewa miguu yao kwa upasuaji na mionzi, na 19 tu kwa mionzi pekee. Takwimu hizi zinahusu tiba, ila fundisho lake ni la utambuzi: hata tiba bora hutegemea siku ambayo mtu alisikilizwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sarkoma iliyofika mgongoni haitambuliwi kwa kipimo kimoja. Sikio hutoa shaka, mkono huipa mahali, picha huipa umbo na kipande cha nyama huipa jina. Hatua ikirukwa, inayofuata hupotoka.

Katika mnyororo huu pete ya kwanza ni ya maneno, nayo aghalabu huwa ya Kiswahili. Mashine ya MRI huletwa kutoka ng'ambo. Maswali ya kumwuliza mkulima kuhusu usiku wake hayana budi kutungwa hapa. Wataalamu wa Kiswahili wanaweza kuchangia kwa kusawazisha istilahi ili uti na ugwe zitenganishwe katika vitabu, fomu na mafunzo ya wahudumu. Kwa kukusanya msamiati wa maumivu kutoka maeneo mbalimbali. Na kwa kuandaa maswali yanayoheshimu tafsida bila kuiacha ifiche dalili. Kazi hiyo haimwondoi daktari mahali pake. Inamwezesha kuuliza kuhusu kivimbe cha pajani siku ile ya kwanza, mgonjwa akiwa bado amekuja kwa miguu yake mwenyewe.